Hodi Tatu za Mlimani

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zako zimetufika hapa Khuwair, sote wazima. Babu yako kashuka sokoni Matrah kununua samaki, nami nnazunguka ukumbini, sikai.

Unauliza kama niliyaona majani mekundu ya lile hekalu la Wabuddha mlimani, nilipomfuata babu yako masomoni Japani. Sikuyaona. Nilifika langoni nikapiga hodi tatu. Kimya. Kwetu hodi tatu zisipoitikiwa mgeni hurudi, nami nikashuka ngazi mbio. Huko chini nikasikia mtu anahema nyuma yangu: mtawa mzee, fagio mkononi. Akainamisha kichwa, akanionesha njia ya juu. Dereva wa basi lililonileta akapiga honi, nikapanda.

Wewe ukifika langoni, ukishapiga ya tatu, ngoja. Huenda mwenyeji ni mzee, yuko ngazini.

Bibi yako, hajatulia mpaka leo.