Misumari Uliyoiacha Nusu

Papa wetu mpendwa,

Hapo ulipo tafuta pa kukaa, maana nina habari ya furaha. Nitaieleza kwa mpango wangu. Usinikatize; ulinikatiza vya kutosha ulipokuwa hai.

Wewe unajua nitakapoanzia, lakini barua hii itasomwa na watu wasiokujua, acha wakujue. Ulikuwa fundi wa kujenga. Hapa Bunia kuna nyumba nyingi zilizosimama kwa mikono yako: za wafanyabiashara, za wachungaji, hata za watu waliokusalimia kwa kidole kimoja. Ulitoka na baiskeli kabla jua halijapata nguvu, ukarudi na saruji kwenye nyusi. Nikiwa mdogo niliamini kwamba unazeeka kila siku kwenye shantie, huko mnakojenga, na ukioga unarudia ujana. Sikuuliza mtu. Niliona tu namna Mama alivyokimbia kukuchotea maji, nikaelewa.

Lakini nyumba yetu ya Ngezi, Papa! Fundi anayesifiwa kartie nzima, mtaa wote, na paa lake mwenyewe limepigiliwa nusu. Kila msumari uliacha kichwa chake nje, upana wa kidole, ili siku ya kukimbia ung'oe mabati upesi na tukimbie na paa letu. Wakati wa vita ulikuwa umeshapoteza paa moja, kule kwenye njia ya Nyankunde. Ulirudi ukakuta kuta nne zinatazama mbingu. Tangu hapo ulikuwa unasema ukuta unajengwa tena kwa udongo, lakini bati halichipuki.

Basi kila Jumapili baada ya ibada ulitufanyisha mazoezi. Wewe juu na koleo, Yaya Neema, dada yetu mkubwa, anapokea, mimi na ndugu yangu Baraka tunapanga chini, Mama anafunga kamba huku akitukumbusha kwamba Wakristo wengine wanapumzika. Jirani yetu Mama Furaha alikuwa analeta kiti kabisa, atazame. Siku moja akakuuliza, "Papa Neema, leo nyumba inaenda wapi?" Ukamjibu bila kugeuka kwamba inaenda kunyoosha miguu, itarudi kula.

Ikaja siku ya kweli. Amani ilikuwa imetangazwa, lakini sisi tuliipokea kama mgeni asiyesema atalala siku ngapi. Mchana kitu kikalipuka upande wa soko. Kabla majirani hawajafunga milango, mabati yetu kumi na manane yalikuwa vichwani na kwenye baiskeli, tunakatiza mji kuelekea kambi ya walinzi wa amani, kama siafu waliobeba mabawa ya panzi. Watu walituona wakaanza kukimbia nasi, maana fundi anajua mambo. Nusu ya kartie ilikuwa nyuma yetu tulipopata habari kamili: tairi la lori limepasuka. Mvua ikatukuta hapohapo barabarani. Ulitukusanya wote chini ya bati moja, mgongo wako ukabaki nje. Siku ile katika Ngezi nzima iliharibika nyumba moja tu, na walioiharibu ni sisi.

Walitucheka mpaka wakachoka. Wewe ulisema neno moja tu, ukikamua shati: "Mutu iko na bibi na batoto, hawezi ngojea asikie mara mbili." Mimi niliacha kuona haya tangu neno lile.

Sasa sikiliza. Tangu ututoke, misimu mitatu ya mvua imepita, na Mama amekataa paa liguswe. Upepo ukija mabati yanapiga makofi kama kwaya isiyo na mwalimu. Baraka, ambaye siku hizi ni fundi kama wewe, na kwa kujisifu amekupita, alimwomba mara nyingi ruhusa ya kupigilia. Mama akamjibu kila mara, "Muzee aliacha vile. Nani alikuambia vita imeisha?" Hapo Baraka alirudisha nyundo mahali pake, maana kila juma kuna habari mbaya kutoka vijijini. Lakini mimi niliogopa kwamba siku moja tufani itaondoka na paa lote, na Mama atabaki amekaa uwanjani na miaka yake, akilinda amri yako.

Alhamisi alituita. Goti lake limegoma, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Tukikimbia leo, mutabeba mabati ao mutanibeba miye?"

Baraka akasema tutambeba yeye.

"Basi munamutunzia nani bati? Pigilieni."

Leo asubuhi Baraka akapanda, mimi nikashika ngazi. Alipiga safu ya sebule, akapiga ya chumba chetu, akafika juu ya chumba cha Mama akanyamaza. Kwa Baraka, kunyamaza ni ugonjwa. Nikapanda nione. Papa, mwongo mkubwa wewe! Safu ile nzima, juu ya kitanda chake, misumari imezama mpaka mwisho, na vichwa vyake vimeshika kutu ya zamani. Ndiyo maana chumba chake hakivuji, naye kumbe alikuwa anashukuru maombi. Nikakumbuka mwaka wako wa mwisho, ulivyopanda peke yako ukikohoa, ukasema unaziba tundu. Kumbe ulikuwa umeamua tubaki. Ulianza kazi, nguvu zikaisha, hukumwambia mtu, na sisi miaka yote hii tumeshika amri ambayo wewe mwenyewe ulikuwa umeshaivunja!

Nilishuka mbio nikamweleza Mama. Aliinua macho kwenye dari. Nilidhani atakasirika, nilikuwa tayari kukutetea.

"Alianzia kwangu," akasema.

Kisha akamfokea Baraka kwa nini nyundo imenyamaza.

Ya kesho hatuyajui, Papa. Pengine tutakimbia tena. Tutakimbia mikono mitupu, Mama mgongoni mwa Baraka, na nyumba itabaki kutungojea. Lakini leo tunapiga misumari mpaka kartie nzima inasikia, na mimi naandika huku karatasi inarukaruka mezani. Pumzika, muzee. Safu zilizobaki tutazimaliza sisi.

Ni mimi, binti yako wa pili, ambaye hukumwambia kitu.