Mjomba Alisema, Mimi Nikaposa

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada na naomba unijibu kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili mjomba wangu anakwenda kumvisha pete mwanamke anayeamini kwamba mchumba wake ni mimi.

Mimi ni mpiga vanishi, nina miaka thelathini na mbili, nafanya kazi kwenye karakana ya mjomba, seremala aliyenilea tangu mama yangu afariki, na mjomba mwenyewe alifiwa na mke miaka saba iliyopita, hana maneno mengi na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Sasa mwaka huu ng'ambo ya barabara imefunguliwa kliniki ya meno, daktari wake ni mwanamke mgeni anayeishi na mama yake, Kiswahili hajui zaidi ya "fungua mdomo", na mjomba alipokwenda kumfungia rafu akarudi amesahau nyundo, mara ya pili akasahau bisibisi, hapo nikajua kuna jambo.

Siku moja akanivuta kando ya mashine ya randa. "Wewe si umefika kidato cha nne? Nenda kamwambie daktari hivi: Nakupenda. Nataka kukuoa. Kesho saa kumi nitakuja kumwona mama yako. Mwambie kama nilivyosema, usipunguze neno."

Nami sikupunguza. Nilisimama mbele ya kiti cha wagonjwa, nikafumba macho nisisahau, nikasema, "I love you. I want to marry you. Tomorrow at four I will come to see your mother." Daktari akavua barakoa, akacheka mpaka machozi, kisha akasema, "I like you too. Come." Nikatoka mbio kumwambia mjomba, "Amesema naye anakupenda, uende!"

Kesho yake tukaenda, mjomba kavaa suti, na tulipofika mimi nikaketishwa karibu na daktari, mjomba akaketishwa upande wa wazee, mama mtu akamshukuru kwa Kiingereza kwa kulea kijana jasiri, mjomba akaitikia kwa kichwa akitabasamu, na hapo ndipo niliposhtuka kwamba nimeposa mimi. Nikakaa kimya. Mama akatoa futi ya kushonea akanipima mabega, maana suti ya harusi atashona mwenyewe, na mjomba kuona hivyo naye akasimama nyuma yangu kwenye foleni, akapimwa kwa heshima zote.

Sasa ni wiki ya tatu. Kila jioni mjomba ananiuliza, "Amesemaje leo?" nami nabuni. Na la aibu zaidi, mshauri, daktari nimeanza kumpenda kweli. Nifanyeje? Sarufi imeniponza.

Mpiga Vanishi

JIBU

Mpiga Vanishi, nimecheka kwanza, uniwie radhi. Sasa kaa vizuri.

Unapofikisha maneno ya mtu kwa Kiingereza, "I" yake usiibebe. Ukiitamka wewe, inakuwa yako. Mtaje msemaji, badili nafsi, kisha rudisha kitenzi nyuma: "My uncle said that he loved you and wanted to marry you." Hiyo "love" kugeuka "loved" haina maana kwamba mapenzi yamekwisha; ndivyo Kiingereza kinavyoripoti. Ila mtindo huo usimpelekee mjomba. Sisi tunasema "amesema anakupenda", kitenzi hakiondoki mahali pake. Ukimwambia "amesema alikupenda", utampandisha presha.

Lakini usiisingizie sarufi. Sarufi ilikosea dakika moja. Wiki tatu zilizobaki umedanganya wewe, kwa lugha mbili, na ulinyamaza kwa sababu kile kiti cha karibu na daktari kilikukaa vizuri. Mtu aliyekulea anapimwa suti, na wewe unatazama! Huna haya?

Fanya hivi. Leo, kabla hujashika brashi, mwambie mjomba yote, pamoja na hilo la moyo wako. Akikutukana, tukanika. Kisha nendeni wote wawili kwa daktari umwambie, "Those were my uncle's words," yaani yale yalikuwa maneno ya mjomba. Usijitetee, usijipendekeze. Mwache aamue yeye. Akikufukuza, toka.

Jibu hilo tulimsomea kwa simu, maana Jumapili haingesubiri gazeti. Jumatatu akatuandikia tena:

Mshauri, nimefanya. Mjomba aliniuliza, "Hata kwenye foleni ya futi ulinyamaza?" Nikasema ndiyo. Akavua aproni, akatangulia kuvuka barabara.

Nilipomaliza kusema, daktari alimshika mjomba mikono yote miwili, akazungumza polepole, nami nikatafsiri kwa uangalifu, kila nafsi mahali pake: "Amesema anakuheshimu sana, mjomba, lakini alimjibu mtu aliyekuwa amesimama mbele yake." Mjomba akavuta pumzi. "Sawa," akasema, akatoka, na tangu hapo haniongeleshi ila kwa habari za mbao. Inaniuma, na najua nimeitaka mwenyewe.

Nami nikageuka kuondoka. Daktari akanizuia mlangoni, akatafuta maneno kwa shida, akayapata.

"Wewe mwongo sana," akasema kwa Kiswahili. "Kesho njoo."