Kahawa ya Mfua Fedha

Mjukuu wangu Nasra,

Shikamoo yako imefika hapa Ibra, Omani; marahaba. Baba yako mzima, na mitende imezaa.

Unasoma huko Uchina kwamba zamani mwanachuoni alitangulia, akafuata mkulima, kisha fundi, na mfanyabiashara mwisho. Unauliza kama na sisi tulipangana hivyo.

Nilipokuwa mwari, mfua fedha wa Nizwa alikuja kwetu kumposea mwanawe. Nami nilimtaka kijana yule. Kwa desturi yetu mwenye haja hanywi kahawa mpaka akubaliwe, basi mzee akakiweka kikombe chini. Baba yangu, kiunoni ana jambia alilolifua mzee yule yule, akamwambia, "Kazi yako haina mfano, lakini nasaba zetu haziendani." Kahawa ikapoa. Nikatumwa kuimwaga.

Hukuambiwa, lakini mwezi uliopita mjukuu wa kijana yule, daktari, alikuja kumposa dada yako. Baba yako akamjibu maneno yale yale. Nilikuwepo, mkubwa wao wote, nikanyamaza.

Daraja za Wachina wako zimebaki vitabuni, mwanangu. Dada yako hasemi nami. Kahawa ya daktari niliimwaga mwenyewe. Safari hii sikutumwa na mtu.

Bibi yako