Siku Tuliyomwekea Gaudensi Msalaba

Mikumi, Morogoro

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani pako, mguu umepungua kuvimba, na mikorosho imeanza kutoa maua. Huku mimi ni mzima, na mjukuu wako Upendo ni mzima, amerudi chuoni Morogoro juzi. Mvua imechelewa, lakini malori hayachelewi, kwa hiyo mgahawani sikosi watu wa kuwapikia.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatusikiani. Siku ile nilikuambia wageni wamefika, wewe ukasikia wamekufa, ukaanza kulia, na mimi nikaanza kulia kwa kukusikia unalia. Sasa nimemwomba mdogo wangu Anastazia akusomee taratibu. Anastazia, usiruke mahali, hata pale utakapotaka kucheka.

Baba, wewe mkweo Gaudensi ulimjua kama fundi umeme wa magari. Ile mara moja uliyokuja Mikumi ukamkuta nyuma ya karakana amevaa nguo nyeusi, amelikumbatia gitaa lake la besi, hana viatu. Uliniuliza, "Huu muziki unachezwaje?" Nikakujibu hauchezwi, unatikisiwa kichwa. Ukaguna, ukaenda kulala. Sikukueleza zaidi, na tangu afariki nimekuwa nikijiambia kwamba baba yangu anastahili kujua binti yake aliolewa na nani.

Alizaliwa Kilosa, karibu na reli. Baba yao alifariki mapema, mama yao akaingia shamba la mkonge kukata kama wanaume. Besi alijifunza kwenye bendi ya dansi ya pale mjini, baada ya mpigaji wao kuhamia Dodoma na kukosekana mtu mwingine. Halafu akapanda lori kama utingo, likamfikisha Nairobi, akabaki huko kwenye gereji. Jirani na gereji vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya hevi metali, ndio muziki ule ulioniuliza unachezwaje. Aliniambia alisimama mlangoni na bisibisi mkononi hadi wakamaliza. "Skola," alisema, "nilikuwa sijawahi kusikia besi isiyoomba ruhusa." Mpigaji wao alipoondoka, wakamchukua yeye. Alikuwa mkubwa kuliko wote, wakamwita Mzee. Walipiga Nairobi, wakapiga mpaka Kampala, na watu waliimba nyimbo zao neno kwa neno.

Mama yake alipougua ndipo akarudi, akafungua karakana hapa Mikumi, akawa anakula kwangu. Mengine unayajua. Lakini kila bendi ilipotaka kurekodi walimpigia simu, naye alifunga mkoba akaenda. Akirudi, jioni aliwafundisha vijana nyuma ya karakana. Alikuwa akizilegeza nyuzi mpaka vikombe vyangu vinatetemeka kwenye rafu, na madereva wanaweka chai chini wakidhani lori limewaka lenyewe.

Kiharusi kilipomjia kilichukua mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi. Nilidhani ataliuza gitaa. Badala yake alinikalisha kando yake, akaniambia nibonyeze mimi, yeye atapiga kwa mkono wa kulia. "Chini kidogo. Hapo. Usiachie." Vidole vyangu vilichubuka, baadaye vikawa vigumu. Tulifika mahali tunaweza kumaliza wimbo mzima, mimi na yeye, watu wawili mpiga besi mmoja. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, ila Upendo alituona.

Alipofariki, kaka yake, shemeji Method, ndiye aliyesoma historia ya marehemu kanisani. Unamkumbuka, yule mrefu, mzee wa kanisa pale Kilosa. Alisoma alikozaliwa, alikosoma, kwamba alikuwa fundi hodari, kwamba ameacha mjane na binti. Akakunja karatasi. Besi haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nilikaa pale nikajihisi kama tunamzika mtu mwingine, na mume wangu bado yuko nyumbani hajajua.

Kwa hiyo ilipokaribia siku ya kuweka msalaba nilikwenda Kilosa, nikamkuta shemeji sokoni dukani kwake. Nikamwambia, "Shemeji, safari hii nitasema mimi."

"Utasema nini?"

"Nitasema alikuwa mpiga besi."

Akanivutia kiti. Hakunikasirikia, Baba, na hilo ndilo lililonitia uzito zaidi. Akasema, "Shemeji, mimi nimemlea yule. Watu wa hapa wameona zile fulana zake zenye mafuvu. Wamesikia zile kelele. Nilikosa usingizi miaka mingi nikijibu maswali ya watu kuhusu mdogo wangu. Sasa amepumzika. Unataka akumbukwe kwa mafuvu?"

"Nataka akumbukwe."

Alisogeza mizani yake bila kupima kitu. Mwisho akasema, "Sema. Ila wale wenzake wa Nairobi wasije."

Nikamwambia tayari wako njiani. Na ilikuwa kweli, kwa sababu nilishawaalika mimi mwenyewe.

Walishuka stendi ya Mikumi asubuhi ya siku yenyewe, watatu. Mpiga dramu ni mwanamke, Njoki, mrefu, mikono yote ina michoro ya tatuu. Mwimbaji anaitwa Brayo, nywele zinafika mgongoni. Wa tatu ni mpiga solo, mpole, jina lake Oketch. Wote wamevaa nguo nyeusi tii, makoti ya ngozi na vyuma, jua la Mikumi linawachoma. Bodaboda wote waligeuka kuwatazama. Kijana mmoja akaniuliza pembeni, "Mama Upendo, hawa ni wa filamu?" Nikamwambia hawa ni wafiwa.

Njoki alinikumbatia, akasema kwa Kiswahili chao cha Nairobi, "Mama, pole sana. Huyo mzee ndiye alitulea." Kisha akaniomba kanga ya kujifunga, kwa sababu alijua tunakwenda makaburini. Nilimpa ile ya kijani uliyonitumia kutoka Masasi.

Tulikodi gari mpaka Kilosa. Njia nzima nilikuwa nawaza shemeji atawapokeaje mbele ya mchungaji na wazee wote. Tulipofika walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai. Ndipo wale watatu wakasogea, wakainama mmoja mmoja mbele ya kila mzee: "Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo." Shemeji alijibu marahaba kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Akamuuliza Brayo, "Kwani Nairobi mnaamkia?"

Brayo akajibu, "Hapana, mzee. Lakini Mzee Gaudensi alikataa kuanza mazoezi kama hatujamwamkia. Tukazoea."

Mchungaji alicheka kwanza, na wengine wakafuata. Shemeji hakucheka, lakini nilimwona anawaangalia kwa namna nyingine.

Makaburini, baada ya sala na baada ya msalaba kusimamishwa, nikaitwa. Sikuwa na karatasi. Nikasema marehemu alikuwa fundi wa magari, ndiyo, lakini ufundi ulikuwa mkate wake, na besi ilikuwa kazi yake. Nikataja alikopiga na miaka aliyopiga. Halafu kikaja kitu ambacho sikukipanga. Nikasema, "Aliyefundishwa besi na Gaudensi asimame." Baba, watu wote walikuwa wamesimama, tuko makaburini. Mtu akacheka. Nikasema basi wanyooshe mikono.

Wa kwanza alikuwa Amosi, anayepiga besi kwenye kwaya ya kanisa hilohilo la shemeji. Akafuata yule wa kwaya ya Wakatoliki. Akafuata Shabani, kijana Mwislamu wa Magole anayepiga kwenye harusi, alikuja na pikipiki bila kualikwa. Wakanyoosha wawili wa bendi ya nyumba ya wageni hapa Mikumi. Nyuma kabisa mwanamke mmoja nisiyemjua, mtoto mgongoni. Mikono ikazidi. Mchungaji akageuka kumwangalia Amosi, kwa sababu kila Jumapili yeye huhubiri baada ya besi ile na hakujua imetoka wapi.

Ndipo Brayo akaomba nafasi. Akasema wana wimbo mmoja ambao Mzee aliandika, na kwa kawaida yeye huuimba kwa kunguruma, kwa hiyo leo kwanza atausema maneno matupu. Akasema:

"Mama, mwiba uliingia, hukulia.
Ulifunga mzigo, ukaubeba hadi mwisho wa mstari.
Jioni ulitupikia kwa mikono iliyofungwa vitambaa.
Kelele hizi ni zako, ulizozimeza shambani.
Sisi wanao tunakupigia."

Nilikuwa nimesimama karibu na shemeji. Nilimwona anavua kofia. Akamuuliza Brayo kwa sauti ndogo, mbele ya watu wote, "Hayo maneno ameandika nani?"

"Mdogo wako, mzee. Ndio wimbo wetu mkubwa. Kila mtu Nairobi anaujua."

"Vile vitambaa," shemeji akasema, "nilikuwa nikivifua mimi." Kisha akakaa chini kwenye udongo na suti yake, akafunika uso. Miaka yote ile, Baba, mdogo wake alikuwa anamwimba mama yao kwa sauti kubwa, na yeye alikuwa anafunga dirisha.

Wakapiga. Kwa ombi langu Amosi alikuwa amekuja na spika ya kwaya na jenereta yake. Besi akapiga Amosi, maana alifundishwa wimbo ule nyuma ya karakana, akavua viatu kwanza bila kuambiwa na mtu. Brayo alinguruma kama anavyonguruma, na sikuona mtu aliyekimbia. Mabibi wawili waliowahi kukata mkonge pamoja na mama mkwe walikuwa wanatikisa vichwa polepole. Nilisikia mtetemo unapanda kutoka ardhini kwenye nyayo zangu, na vidole vya mkono wangu wa kushoto vikawa vinabonyeza hewani vyenyewe. Nililia, lakini hakikuwa kilio kile cha siku ya mazishi. Nilikuwa nimejaa fahari mpaka nilidhani nitapasuka.

Tulikula pilau nyumbani kwa shemeji. Njoki aliosha masufuria na wanawake wa kanisa, wakimuuliza michoro yake inauma kiasi gani. Walipoondoka, shemeji aliwasindikiza mwenyewe hadi kwenye gari, akampa Brayo fimbo ya mama yao awe nayo.

Wiki iliyofuata alikuja Mikumi. Hakuwa amekuja kwangu tangu mazishi. Alikunywa chai, akasema amemrudisha fundi wa rangi makaburini. Chini ya jina la Gaudensi sasa pameandikwa MPIGA BESI, herufi kubwa, nyeupe, na unaweza kuzisoma ukiwa barabarani. Akaniomba nimtafutie rekodi zao. Nikamwekea kwenye simu yake, akasikiliza zote akiwa ameinamisha kichwa mezani, chai ikapoa.

Vijana bado wanakuja nyuma ya karakana. Amosi ndiye anawafundisha, na wakikwama pale kwenye kubonyeza huniita jikoni niwaonyeshe. Nawaonyesha.

Nisalimie mama mdogo na mguu wake wa baridi yabisi, mwambie dawa nitamtumia na dereva wa Ijumaa. Msalimie kaka Hilari na wanawe, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea gauni la harusi. Padre naye msalimie, umwambie namshukuru kwa misa aliyomsomea mkwe wako.

Na watu wakikuuliza pale barazani binti yako wa Mikumi aliolewa na nani, usiwaambie fundi umeme, Baba. Waambie vizuri.

Mwanao,
Skolastika, mjane wa Gaudensi