Ubao Uliokataa Vanishi

Kwako kaka yangu, mwalimu wa wanangu,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karatasi hii. U hali gani? Mgongo umepata nafuu? Wifi yangu na watoto hawajambo? Mimi ukiniuliza nitasema sijambo, maana nakula na ninatembea, lakini moyoni sina raha hata kidogo. Unisamehe mwandiko. Unajua shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo ukiona herufi zinapanda juu ya mstari usidhani nimezeeka ghafla.

Kaka, wapwa zako wamemwagana damu. Hili naliandika mapema kwa sababu nikizungukazunguka nitaogopa, halafu nitaishia kukuuliza habari za kuku.

Mwezi uliopita Mkubwa na Kitinda walipata kazi kwa mwenye nyumba ya wageni iliyo barabara ya juu, yule mtu wa shingo nene ambaye watu wanamwita Bwana Kishindo kwa jinsi anavyofunga milango. Alitaka ubao mrefu wa bafuni, ule unaotobolewa tundu sinki ikakaa. Walichagua mbao nzuri, wakapiga randa, wakapiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Utaratibu wao ni ule uliowafundisha wewe: jioni baada ya msasa wanauingiza sebuleni kwangu usishike vumbi la karakana, asubuhi wanautoa, wanapaka vanishi.

Mara ya kwanza vanishi ilikataa. Ilikimbia ikajikusanya huku na kule, ikaacha vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kitinda alisema labda wameuziwa tina, ile ya kulainishia vanishi, iliyochanganywa mafuta ya taa. Mkubwa alisema ni brashi chafu, na kwamba kazi ya kuosha brashi ilikuwa ya Kitinda. Wakakwangua yote, msasa upya, kopo jipya, brashi mpya, ubao ukalala tena sebuleni kwangu. Mara ya pili ilikaa vizuri, lakini siku ya nne bado inanata. Inzi alitua akabaki hapo hapo. Kitinda akasema basi wauze kama mtego wa inzi, mimi nikacheka, Mkubwa hakucheka. Walifikiri ni unyevu, wakauanika juani siku mbili, wakauegemeza huku na huku, wakakwangua tena, wakauleta tena kwangu. Mara ya tatu ikakauka. Wakaenda kuufunga. Haikupita wiki, mvuke na maji ya kunawia yakaiingia, vanishi ikabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi, Bwana Kishindo akaja na ubao begani, ameung'oa mwenyewe. Aliutupa uani ukaipasua ndoo yangu ya maji. Kisha akamkamata Mkubwa ukosi wa shati akampiga kichwa cha pua, pu! Mkubwa akaenda chini, na yule mtu akamwongeza teke la mbavu akiwa pale chini. Alimuuliza kama useremala alifundishwa na mchwa. Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio, wakaangua kicheko. Kaka, kile kicheko kilimuuma mwanangu kuliko kile kichwa. Niliona macho yake yakibadilika.

Mtu yule alipoondoka, Mkubwa hakunawa hata damu. Aliuinua ubao akaulaza kwenye meza ya kazi, akaukwangua kwa hasira pale palipobanduka. Jua lilikuwa linapiga kwa upande, na kwenye mbao likatokea doa la mafuta lenye umbo la kiganja na vidole. Akamwita Kitinda. Akamwambia kuna mtu anaipaka kazi yake mafuta kusudi, na ubao huu hakuna anayeushika ila wao wawili. Akamkumbusha kwamba tangu mwaka uanze yeye Kitinda anataka karakana yake mwenyewe. Kitinda, unaujua ulimi wake, akajibu kwamba hawezi kuitwa msaliti na mtu ambaye pua inamvuja kama bomba bovu.

Mkubwa alimshika mkono wa kulia akaukandamiza juu ya meza ya kazi, kando ya ile alama, akapiga kelele kwamba wapime, wapime waone mkono ni wa nani. Kitinda akajinyonganyonga. Basi Mkubwa akachukua nyundo akapiga. Mfupa niliusikia, kaka, mimi nikiwa mlangoni. Akapiga tena. Kitinda kwa mkono wa kushoto akapata patasi akamchana kutoka sikioni hadi kidevuni, nyama ikafunguka. Nikajitupa katikati, kiwiko kikanitoa jino. Ni cha nani sijui, na sitaki kujua.

Sasa Kitinda yuko kwa rafiki yake na plasta hadi kiwikoni. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Ametuma neno kwamba Jumamosi hii atakuja kuchukua vifaa vyake, na kwamba patasi ameinoa. Mkubwa ana nyuzi kumi na moja usoni. Ameshika shoka akakipasua kitanda cha mdogo wake chote, hata miguu, na hilo shoka ameliweka nyuma ya mlango akisema likimkosa Jumamosi si lake.

Sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

Unakumbuka marehemu mama alivyokuwa akipangusa vigoda vyetu kila jioni kwa kitambaa cha mafuta ya kupikia, visipasuke? Mimi nimekifuata kitambaa kile maisha yangu yote. Ubao ule ulipoletwa sebuleni ulikuwa mweupe, mkavu, kama una kiu. Niliuonea huruma. Nikaupaka. Vanishi ilipokataa, nikasema maskini wanangu, nikaupaka tena na kuongeza. Mara ya tatu niliusugua kwa kiganja kitupu mpaka kikauma, huku nawaombea.

Na ile alama, kaka, niliiona kabla ya nyundo. Mkono ulikuwa mdogo, na kidole cha mwisho kimepinda, kile ulichonibania mlangoni tukiwa watoto. Kati ya pigo la kwanza na la pili palikuwa na nafasi ya maneno mawili tu, ni mimi. Nafasi ilikuwepo. Niliogopa Mkubwa asije akanigeukia na yale macho. Nikasema jamani, jamani, na nyundo ikashuka.

Jumamosi nitakaa getini tangu asubuhi na ubao ule magotini. Kitinda akifika, Mkubwa akitoka, nitaweka mkono wangu juu ya alama, wapime wote wawili. Kama kuna pigo limebaki, liwe langu. Lakini nakuomba, kama mgongo unaruhusu, uje Ijumaa. Si kunitetea. Kuwe na mtu wa kushika lile shoka wakati nazungumza, maana mimi nikianza nataka nimalize.

Na uniambie, wewe unayezijua mbao, mafuta yakishaingia ndani kabisa hutolewaje? Ubao ule sitaki utupwe.

Nisalimie wifi yangu, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina, mwambie yule mdogo soksi zake nimeshafuma moja. Usiisome barua hii mbele yao.

Ni mimi dada yako,
mwenye kidole kilichopinda.