Pigo Nililomjazia Koleta

Jumamosi, mwezi wa saba. Msamala, Songea.

Baridi ya leo haina adabu. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mabati mpaka jua likakata tamaa, na hata sasa jioni nimejifunga khanga juu ya sweta, soksi miguuni, chai imeshapoa kabla sijaigusa. Lakini si baridi iliyonifanya nikae hapa bila kuwasha redio. Nimetoka nyumbani kwa Koleta, na kwa sasa sitaki kusikia muziki wowote.

Nasema hivyo mimi, mwalimu wa muziki.

Nafundisha watoto wa chekechea, wengi wao wa miaka minne, wachache mitano. Hatuna kinanda wala noti ubaoni. Tuna ndoo za rangi zilizogeuzwa kifudifudi, makopo ya maziwa yenye punje za mahindi ndani, na vizibo vya soda nilivyovitoboa kwa msumari nikavitunga kwenye waya. Kila kitu kwetu ni mchezo. Tunatembea kama jogoo, tunanyata kama paka, na mdundo unaingia miguuni kabla mtoto hajajua kwamba anafundishwa. Ndivyo ninavyoamini, na ndivyo ninavyowajibu wazazi wanaouliza kwa nini mtoto anarudi na vumbi badala ya herufi.

Kuamini ni jambo moja. Kuvumilia ni jingine.

Mimi ni mtu wa kwaya. Nimekulia kwenye kwaya ya parokia, sauti ya kwanza, mstari wa mbele, chini ya mwalimu aliyekuwa akigonga benchi kwa ufunguo mtu akichelewa hata kidogo. Sikio langu halijui kusamehe. Nikiwa sherehani na mpiga ngoma akakosea, chakula hakipiti. Ndugu zangu hunitania kwamba nitamrekebisha hata padre akiwa altareni, nami hucheka nao, nikijua si uongo.

Sasa niandike kuhusu Koleta, maana ndiyo sababu nimefungua ukurasa huu.

Ana miaka minne. Mama yake alifariki mvua zikiwa bado zinanyesha, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tangu hapo anaishi na bibi yake, mama mzazi wa marehemu, katika nyumba ileile waliyokuwa wakikaa wote watatu. Baba sijamwona na sijauliza. Walimu tulikwenda msibani, tukatoa rambirambi, nikamshika Bibi mkono nikampa pole. Kisha mtoto akarudi darasani, akawa anacheza na wenzake na kunywa uji wake, nami nikajiambia kwamba watoto husahau upesi.

Sijui ni nani aliyetufundisha kusema hivyo.

Mwanzoni mwa wiki hii tulikuwa na mchezo ninaouita "Leta sauti ya kwenu". Kila mtoto anakuja na sauti aliyoisikia nyumbani, anaipiga kwenye ndoo, wenzake wanamfuata, na mwisho tunazichanganya zote ziwe wimbo mmoja. Rajabu, ambaye baba yake ni fundi cherehani, alileta cherehani: trrr, anasimama kidogo kama anageuza kitambaa, trrr. Mwingine alileta pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi. Mwingine alileta kuku wakimwagiwa pumba, na hao kuku waligeuka vita. Nilikuwa na furaha kweli. Siku ya wazazi imekaribia, na mwalimu mkuu alishanikumbusha kwamba safari hii anataka kitu kilichonyooka, si kelele.

Zamu ya Koleta ilipofika, alikaa mbele ya ndoo yake akapiga mara moja. Akasubiri. Akapiga tena. Akasubiri. Kiganja kilipanda, kikakaa hewani, kikashuka.

Nilimuuliza hiyo ni sauti gani. Akasema, "Ya nyumbani." Nikamwambia vizuri sana, lakini moyoni nilishamhukumu: huyu anaruka pigo. Wenzake walijaribu kumfuata wakachanganyikiwa, kwa sababu mtoto wa umri ule akiona kimya katikati ya mdundo anakirukia. Wimbo mzima ukapwaya.

Nikapiga magoti nyuma yake. Nikamshika kifundo cha mkono na kuupigisha mkono wake pale alipokuwa akisubiri. Moja, na hapa pia. Moja, na hapa pia. Nilikuwa natabasamu, na sauti yangu ilikuwa ile tamu ya mwalimu mwema. Koleta aliukaza mkono. Nikadhani ni ule ugumu wa kujifunza, nikaendelea kuupigisha mpaka mdundo ukajaa na darasa zima likaingia kwa shangwe. Lazima niandike ukweli: ulikuwa mzuri sana, na nilijipongeza.

Nilipomwachia, aliuchukua mkono wake akauficha ndani ya sweta.

Hakugusa ndoo tena siku ile wala siku zilizofuata. Hakugusa kopo wala vizibo. Alikaa pembeni mwa mkeka, mikono yote miwili ndani ya sweta, na uji ukawa unarudi jikoni kama ulivyokuja. Nilimbembeleza. Nilimpa fimbo ya kuongoza wenzake, heshima ambayo watoto wengine wanaipigania mpaka machozi. Aliitazama tu.

Jana mchana Bibi alikuja kumchukua, akaniita pembeni. Si mtu wa kupandisha sauti. Aliniambia kwamba mjukuu wake siku hizi akiamshwa kuja shule analia. Shangazi yake yupo Namtumbo, ana watoto wa rika lake, na mwezi ukiisha atampeleka huko akakae nao.

"Huyu ndiye niliyebaki naye, mwalimu," alisema. "Lakini siwezi kumweka hapa akauke kwa ajili yangu."

Nikamwomba tu asiamue mpaka Jumatatu, na aniruhusu nifike nyumbani. Sikujua ningekwenda kufanya nini. Usiku nililala nikijiambia ni msiba, ni mambo ya msiba, si mimi.

Leo nikaenda, na mkate na sukari mkononi.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba, mlangoni mwa jiko, anatwanga kisamvu. Sokoni siku hizi kisamvu kinasagwa na mashine na kuuzwa kwenye mifuko, lakini yeye hakitaki, anasema kinatoka kama dawa ya kunywa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kigoda kwa kidevu bila kuacha kazi. Koleta alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, anamenya karanga. Aliponiona, aliziacha karanga, akaingiza mikono ndani ya sweta.

Nimewahi kukaripiwa na wakubwa wengi. Hakuna aliyewahi kuniumiza kama mtoto yule kwa kuficha mikono yake.

Mchi mwingine ulikuwa umeegemezwa ukutani. Sisi huku tumezoea kinu kimoja na watu wawili, huyu akishusha yule anapandisha, mnapokezana. Mimi nimelelewa Madaba ndani ya mlio huo. Mwanamke akifika nyumba ya watu akakuta anatwanga mtu mmoja, haketi akatazama. Anashika mchi. Ukiketi, utasemwa ukishaondoka. Basi nikakaza khanga kiunoni, nikauchukua ule mchi, nikangoja wa Bibi upande, nikashusha wangu katikati.

Nilijisikia nafuu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ndoo. Mlio ulijaa. Bibi akatabasamu.

"Kumbe mikono bado unayo, mwalimu."

Koleta akasimama. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kinu, akafunika mdomo wa kinu kwa viganja vyake viwili. Michi yote miwili ilikuwa juu. Sijui tuliizuia vipi.

"Hapo ni pa mama," akasema.

Hakulia. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni kwamba kiti kile kina mwenyewe.

Bibi aliushusha mchi wake taratibu, akauegemeza begani. Alimtazama mtoto, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, kwa muda mrefu. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayegundua kitu huku akikisema, kwamba miaka yote alitwanga na binti yake. Tangu amzike anatwanga peke yake, na mkono umekataa kubadilika. Ukishusha mara moja unangoja kwanza, unampisha.

"Wala sikujua kama nafanya hivyo," akasema. "Kumbe huyu anasikia."

Nikaelewa papo hapo, na nilitamani nisielewe. Niliwaomba watoto waniletee sauti ya kwao. Rajabu alileta cherehani ya baba yake. Koleta alileta bibi yake akitwanga na mama yake asiyepo, pigo moja na nafasi, pigo moja na nafasi, bila kukosea hata mara moja. Nami nikamshika mkono yeye mwenyewe, mtoto wa marehemu, nikamlazimisha aijaze nafasi ya mama yake. Tena kwa tabasamu. Tena mbele ya watoto wenzake wakishangilia.

Niliurudisha mchi ukutani. Nilimwambia Koleta, "Nisamehe, sikujua kama pana mtu." Aliondoa viganja vyake juu ya kinu, akarudi kwenye karanga zake.

Bibi akaendelea. Pigo moja. Nafasi. Safari hii alingoja akijua anangoja. Nilikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na kwa aibu naandika hili: kila ilipofika nafasi, kidole changu kilitaka kugonga. Mwili wangu wote ulitaka kuukamilisha mdundo. Nimefundishwa tangu utoto kwamba kimya cha namna hiyo ni kosa la mtu, na kosa hurekebishwa. Nililia, nikajipangusa kwa ncha ya khanga, na hakuna aliyenibembeleza, kama ilivyostahili.

Kisamvu kilipolainika, Bibi alinisindikiza mpaka barabarani. Habari ya Namtumbo hakuitaja, nami sikuthubutu kuuliza.

"Jumatatu nitamleta, tuone," alisema. "Ila mkono wake, mwalimu, usiushike tena."

Nikamwahidi.

Chuoni tulifundishwa kwamba kimya ni sehemu ya muziki. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikapewa alama zangu zote. Kisha nikaja darasani nikawa nakifagia kila nikikiona, kama uchafu mgeni asije akauona. Sijui ni watoto wangapi walioniletea kitu cha kweli nikakinyoosha mpaka kikafa. Wengine sasa wako darasa la nne, la tano, wananisalimia njiani.

Jumatatu, kabla ya kengele, nitamwambia mwalimu mkuu kwamba wimbo wa siku ya wazazi utakuwa na mahali ambapo hakuna anayepiga, na kwamba si kosa. Hatapenda. Atasema wazazi watadhani watoto wamesahau. Huyo nitaweza kubishana naye, ni mtu mzima.

Ninaowaogopa ni watoto. Kama Koleta atakuja, na kama ataitoa mikono ndani ya sweta, atapiga pigo lake na kusubiri, na wenzake wote watanyoosha viganja kumsaidia, kwa sababu wanampenda na kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kusaidia hivyo. Nina michezo ya kufundisha haraka na polepole, ya kufundisha juu na chini, ya kufundisha zamu. Nitacheza nao mchezo gani, ili wajue kwamba hapo katikati pana mtu?