Viganja Vitatu vya Mchanga

Mama,

Bahari yako ya kioo pale sebuleni iko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Pampu inazunguka, na ile betri ya gari uliyoificha nyuma ya kabati bado inashika kila umeme unapokatika. Lile jiwe la matumbawe ulilolipakata ndani ya ndoo kwenye basi kutoka Dar linafunguka asubuhi. Na Bibi Harusi, samaki wako wa rangi ya chungwa, anakuja mbele ya kioo nikipita na kanga yako ya zambarau. Nikivaa yangu hana habari na mimi. Ana ubaguzi kama mwenye nyumba.

Lakini nilikaribia kuwaua wote. Nataka ulisikie kwangu, maana wifi yako Mwajuma akikufikia huko atakuwa ameshatia chumvi.

Ilikuwa siku mbili kabla ya arobaini yako. Unaujua mtaa wetu wa Buyenzi ukiwa na hitima: wanawake na ndoo na mafagio, mazulia yametolewa uani, mapazia yamefuliwa, hata masufuria tusiyopikia yamesuguliwa kwa majivu. Shangazi Mwajuma akasimama mbele ya kioo chako, akautazama ule mchanga, shubiri nzima, mweupe juu na mweusi huku chini. Akasema watu wote wasikie: "Watu watakuja kusoma hitima mbele ya hii matope? Apana, mutoto, hii ni aibu."

Usidhani nilisahau ulichonifundisha. Nilikikumbuka neno kwa neno. "We acha muchanga ilale, iko na watu yake." Ulikuwa unanivuta nipige magoti, unanionyesha vijia vyembamba kandokando ya kioo, na minyoo kama uzi wa kushonea wakipita humo. Hao ndio watu wake, wao na wengine wadogo ambao jicho haliwaoni. Wa juu wanataka hewa, wa chini wanaishi bila hewa, na wote wanakula uchafu wa samaki. Kwa hiyo weusi ule haukuwa uchafu, ulikuwa jiko lao. Nilijua hayo yote, Mama, na bado nilifanya.

Mimi ni mtu wa kiwanda cha sabuni, miaka minane ghalani kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na kitu cheusi kikinitazama situlii mpaka nikioshe. Lakini hiyo si sababu yenyewe. Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Siku ya maziko wanaume walikubeba wakaenda, sisi wanawake tukabaki nyumbani, kama ilivyo desturi yetu. Kaka aliporudi alikuwa na udongo kwenye viatu, akaniambia ametupa viganja vyake vitatu kaburini. Nikatazama mikono yangu. Haikuwa na kitu, na siku zote zile arobaini kasoro mbili haikupata kitu. Nilitaka kukufanyia jambo kwa mikono hii, lolote.

Basi nikakunja mikono ya gauni, nikaizamisha mpaka kwenye viwiko, nikachimbua.

Ule uvundo uliofumuka kwenye weusi, Mama! Mayai mabovu, trei nzima, sebuleni. Wanawake walitoka mbio, na wa kwanza mlangoni alikuwa Shangazi, mtandio puani. Ningecheka, lakini maji yalishageuka kijivu, jiwe lako likajifunga kama ngumi, na Bibi Harusi akalala ubavu juu ya maji, mdomo wazi.

Sikulia. Hapo ungejivunia. Nilimchota kwa bakuli nikamtia kwenye ndoo, nikamfungia kipampu cha hewa, nikalitia na jiwe. Kisha nikaburuta yale madumu manne uliyoyaandika BAHARI kwa makaa ili mtu asipikie, maji ya mvua uliyoyachanganya na chumvi kwa mikono yako mwenyewe, nikabadilisha karibu maji yote. Yule kamba mdogo mwenye sharubu hakupona. Nisamehe kwa huyo. Hitima ilisomwa uani, madirisha yote wazi, na Bibi Harusi aliisikiliza kutoka kwenye ndoo chini ya meza ya tende.

Maji yalipotulia nilimrudisha. Lakini mchanga ulikuwa umekufa. Weusi wote ulitoka na yale maji, ukabaki mweupe, safi kama sakafu ya ghala langu, bila kijia hata kimoja. Wiki ya pili maji yakaanza kuwa ya kijani, na samaki wako akasusa chakula. Shangazi akatoa hukumu: "Mwaga. Ziwa iko hapa hapa, weka samaki ya ziwa." Kaka naye akanipa mpaka mwisho wa mwezi: ipone au niimwage.

Ndipo akaja Mama Furaha kutoka mtaa wa Mutakura, yule mwenzako wa kwenu Uvira mliyekuwa mkienda naye Dar kuchukua vitenge. Alikuja na kikombe cha bati, kimefunikwa kwa sahani, maji yakimdondokea kwenye viatu vya kanisani.

"Mama yako alinipatiaka kikombe moja ya muchanga wakati nilianza kioo yangu kadogo," akasema. "Aliniambia, siku muchanga yangu ikikufa, utanirudishia. Mi nimeleta."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua kuna siku mtu atakuja kuvuruga, ukaweka mbegu kwa jirani, kama tunavyoweka maziwa ya mgando ya kugandishia mengine. Hukunitaja jina, na nakushukuru.

Nilitaka kuumwaga kwa kijiko. Mama Furaha akakataa kwa kichwa, akanitazama mikono. Nikauchukua kwa kiganja, nikasema bismillahi, nikaulaza chini polepole. Nikachukua cha pili. Kikombe kilikuwa kimebakiza kiganja kimoja tu, Mama, sikupima mimi. Cha tatu nilikilaza, na Mama Furaha, mtu wa kwaya, akasema amina. Hapo nililia. Nililia mpaka akaniondolea kanga begani akanifuta nayo.

Ijumaa iliyopita nilipiga magoti kama ulivyonizoesha. Kwenye kona ya kushoto kuna kijia, kifupi kama kucha, na mnyoo mwenyewe alikuwa ndani anapita. Bibi Harusi anakula. Kaka ameacha kuhesabu siku. Shangazi nimemshonea utepe kutoka pindo la kanga yako ya zambarau, nikaubandika chini ya kioo kote, weusi ukirudi asiuone. Anausifu kwa wageni kwamba ni pambo.

Mwakani Mama Furaha atapata kikombe kingine cha mchanga kutoka hapa, nimeshamwambia asikioshe kile cha bati. Na huu mchanga, nakuahidi, hakuna mkono utakaouvuruga tena, wa shangazi wala wangu.

Lala nawe, Mama, mchanga wako umetulia. Nimekuzika na mimi sasa.

Binti yako,
Zaina